Aliyeshika Kamba Skerrin

Buffalo, New York
3 Machi 2024

Shemeji Généreuse,

Pokea salamu kutoka kwenye theluji. Ni mimi Derrick Kiplagat, niliyesoma na marehemu mume wako Tevin hapa Buffalo na kufanya naye kazi misimu mitatu kwenye lile jabali la ndege, Skerrin, kule pwani ya Labrador. Tangu Krismasi nimejaribu kukupigia. Naona namba yangu umeifunga, na sikulaumu. Claris, dada yake Tevin, amenipa anwani yako, ndipo nikaona bora niandike kwa mkono.

Nina ombi. Chuo kimekubali nitoe kitabu kuhusu Skerrin. Si hesabu za ndege peke yake, bali historia yote: watu walioishi chini ya jabali, meli zilizokuja kupora mayai, na serikali ilivyowahamisha wenyeji wakabaki ndege. Wewe na mimi tunajua kwamba historia hiyo haikuwa kazi yangu. Mimi nilikuwa mtu wa kuhesabu. Tevin ndiye aliyekuwa akichukua mashua kila Jumapili kwenda kukaa na yule mama mzee, Kornelia, aliyezaliwa pale kijijini. Walikunywa chai, yeye akasimulia, Tevin akaandika. Aliandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza, alisema, kingemfanya aandike kama mtu wa ripoti.

Madaftari hayo yako kwako. Bila hayo sina kitabu. Naomba unitumie, au uniruhusu nije Louisville niyapige picha. Jina lake litakuwa ukurasa wa kwanza.

Labda umeshasikia kwamba mimi na Claris tunafunga ndoa Agosti, kule Columbus. Kadi atakuletea mwenyewe.

Wako,
Derrick


Shively, Louisville
24 Machi 2024

Derrick,

Barua yako nilipata. Niliisoma mara tatu mbele ya kuenda ku kazi, na sikuona mahali uliniuliza niko namna gani. Bon.

Jina yake ku ukurasa wa kwanza. Unajua jina yake iko namna gani huku? Mama yake alipigia baba yangu simu toka Kenya, akamuambia muzee Bagula, binti yako aliua mutoto wangu na mdomo. Baba akaambia pasteur, pasteur akaomba juu yangu mbele ya watu, na watu wakaelewa. Ku kanisa yetu wote wanajua bwana yangu alijirusha. Hakuna mutu ananiambia. Wanaacha tu kiti moja wazi pembeni yangu.

Niliweza kuvumilia ile. Lakini mwezi jana Grâce alitoka ku masomo ya watoto ya Jumapili, iko na miaka sita, akaniuliza na Kiingereza yake kama ni kweli baba aliruka sababu hakutaka kurudi kwetu. Nilikuwa namufunga viatu. Nilifunga ile viatu, nikafungua, nikafunga tena. Sikumujibu mupaka leo.

Nitakuambia kitu juu ulikuwa naye. Siku moja mbele ya kufa aliniita na ile simu yenu ya satellite. Alisema anabaki mwezi moja tena. Mi nilikuwa nasimama masaa kumi ku depot kila siku nafunga ma-carton, mutoto iko na homa. Nilimuambia: baki na ndege zako, usirudi kwangu. Nikakata. Kesho yake akakufa. Ile neno niliambia mutu moja tu, Claris, nikilia, siku tulipokea maiti. Donc unaona vile ilifika Kenya.

Na mi niko na ombi. Ile asubuhi alikuwa na sura gani? Alikula? Alisema nini? Niambie ya kweli hata kama ni mbaya, na ma-cahier, yale madaftari, utapata.

Généreuse


Buffalo
2 Aprili 2024

Shemeji,

Nisamehe kwa kutokuuliza hali yako. Ulivyosema ni haki.

Asubuhi ile Tevin alikula uji na mkate uliokuwa umeungua, akalalamika kwamba nimeuunguza mimi. Alikuwa anaimba. Aliniambia mmegombana, lakini kwa namna mtu anavyosema amegombana na mke wake anayempenda. Alisema, “Nitampigia jioni, atakuwa amepoa.” Shemeji, mtu aliyepanga kupiga simu jioni hajirushi asubuhi. Mwambie hivyo mtoto, na uwaambie watu wa kanisa.

Kilichotokea ni kama kilivyo kwenye ripoti. Mimi nilikuwa upande wa kaskazini nahesabu. Yeye alishuka peke yake bila kuniambia kwenda kuvisha makinda pete za alama miguuni, na kamba ikamsaliti. Ilikuwa ajali, na ilikuwa kosa dogo lake la haraka. Basi.

Asante kwa kukubali kuhusu madaftari.

Derrick


Shively
12 Mei 2024

Shemeji Derrick,

Leo nakuita shemeji. Ile neno yako, “atakuwa amepoa,” nilipoisoma nilienda kusimama inje ya nyumba kidogo, jirani akaniuliza kama niko mugonjwa. Asante.

Sikutuma ma-cahier yenyewe. Naogopa posta. Nimenakili mimi mwenyewe, polepole, kisha ya kazi. Kwanza nilikuwa nafanya juu nilikuahidi. Kisha nikaanza kufanya juu nasikia sauti yake. Soma hii, ya cahier ya pili:

“Kornelia anasema wakati wa babu yake jabali lilikuwa linanguruma. Watu wa mashua walilisikia kabla ya kuliona kwenye ukungu. Kisha zikaja meli za mayai. Siku ya kwanza mabaharia walipanda wakavunja kila yai. Kila yai. Wakarudi melini kulala. Huyu ndege wa hapa, turi, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, akipoteza yai hutaga jingine. Kwa hiyo waliyookota baada ya hapo yalikuwa mabichi matupu, ya kwenda kuuzwa mijini. Kornelia alinionyesha kwa mguu, akasaga sakafu ya jikoni kwake. Yai la turi lina ncha upande mmoja, ukilisukuma linazunguka pale pale halianguki. Mungu aliwapa dawa ya kuanguka, anasema Kornelia, hakuwapa dawa ya kiatu. Miaka ishirini ya hivyo, na jabali likanyamaza.”

Na hii:

“Wenyeji walichukua kidogo. Walishuka kwa kamba wawili wawili, mmoja chini, mmoja juu. Aliye juu lazima awe shemeji wa aliye chini, maana akimwangusha ni yeye atakayemlisha mjane na watoto. Hawakuandika sheria hiyo popote na haikuvunjwa. Nikamwambia Kornelia kwamba mimi nashikiwa kamba na Derrick, na namna anavyomuulizia dada yangu, tumekaribia sheria. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza tunafungia wapi. Vile vyuma vya zamani vilivyochomekwa juu ya mwamba ni vya babu yake, vimeoza ndani. Amesema msivifungie hata mbwa.”

Na ya mwaka 1967, pale serikali iliwaambia hakuna shule tena wala posta, mupige kura muhame. Baba ya Kornelia alikataa, peke yake. Majirani hawakumusemesha tena. Wakavuta nyumba zao juu ya bahari, nyumba nzima juu ya mapipa, mwishoni hata Kornelia akaona jiko ya mama yake inaelea. Hapo nilifunga cahier. Mi natoka Walungu, vita ilitutoa. Sisi hatukupigishwa kura.

Sasa kuna vitu mbili sielewi. Niko na cahier ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya tatu inaisha mwezi wa sita 2022. Yeye alikufa tarehe tisa ya mwezi wa saba, na hakuwa mutu wa kukaa siku bila kuandika. Ya ine iko wapi? Mizigo yake ilipitia kwa Claris. Nimemuandikia.

Kitu ya pili. Kila siku ya kushuka aliandika mustari moja: “Mimi chini, D. juu.” Ao “D. chini, mimi juu.” Nilihesabu mara arobaini na moja. Hakuna hata mara moja aliandika “peke yangu.” Sasa nakuuliza tu, shemeji. Juu ya nini ile siku moja?

Généreuse


Hilliard, Columbus
2 Juni 2024

Wifi Généreuse,

Barua yako imenifikia hapa Hilliard. Ilipitia kwanza kwenye nyumba ya zamani kule Linden.

Daftari la nne halipo. Nilipokea begi moja na sanduku moja, na vyote vilivyohusu uandishi nilikukabidhi. Kama kulikuwa na jingine litakuwa liliingia maji.

Naomba nikuambie jambo kama dada. Ndugu yangu amezikwa. Mama yangu yuko Mwala na moyo wake mgonjwa, na kila habari inayotoka huku inampandisha presha. Unatafuta nini? Unataka mtu mwingine abebe ulichokisema kwenye simu? Ulikisema wewe. Sikukutia maneno kinywani. Ukiendelea kuchimbua, jambo litakalotoka chini ni lile lile.

Kadi ya harusi imo humu. Ukiweza kuja na Grâce, karibuni. Usipoweza, tutaelewa.

Claris Wanza


Hilliard
4 Juni 2024

Derrick,

Siandiki kwenye simu kwa sababu simu inaweka kila kitu. Ukimaliza kusoma, choma.

Nilikuambia uachane na hicho kitabu. Nilikuambia usimwandikie, ukanisumbua mpaka nikakupa anwani. Sasa amekaa Shively anahesabu mistari, arobaini na moja, umeona? Huyo si mtu wa kuchoka. Anafunga makatoni kutwa halafu anarudi kunakili.

Daftari la nne ninalo. Sijalichoma. Nimejaribu mara mbili na mara zote nimeona mwandiko wake. Ukurasa wa mwisho ni ule ule niliokusomea jikoni kwako tulipotoka kuchukua mizigo: “Jumamosi, 9 Julai. Upepo kidogo. Mimi chini, D. juu.” Mstari mmoja, na ripoti yako yote inakufa.

Ulilia siku ile, ukasema utafukuzwa kazi, utafukuzwa nchi, na kwamba nikinyamaza hutaacha kunilinda. Nikanyamaza. Usifikiri ilikuwa kwa ajili yako tu. Mama alikuwa ameshaamua ni Généreuse, na mimi nilimwachia. Sikuwahi kumpenda mwanamke yule. Tevin alimchagua bila kutuuliza, akaacha kutuma hata salamu kwa wiki nzima nzima. Ilikuwa rahisi. Nasema kweli kwa sababu karatasi hii inaenda motoni: ilikuwa rahisi sana.

Mwandikie kwamba umechanganya siku, au usimwandikie kabisa. Bado wiki kumi.

C.


Buffalo
29 Juni 2024

Généreuse,

Sitakuita shemeji mpaka umalize kusoma, halafu wewe ndiye utajua.

Barua yangu ya Aprili ilikuwa na ukweli nusu. Uji, mkate, kuimba, na kwamba angekupigia jioni, hayo ni kweli yote. Yaliyofuata ni uongo. Tevin hakushuka peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa juu.

Siku ile ilikuwa zamu yake chini. Wiki hiyo kambini tulikuwa wawili tu. Kazi ya mtu wa juu ni moja: kamba inapita kwenye chombo kilichofungwa kiunoni mwake na kwenye nanga yetu mpya mwambani, na haondoki mpaka wa chini apande. Haendi kukojoa. Haendi kunywa maji. Tulikuwa tumeapishana.

Saa nne asubuhi simu ya satelaiti ililia kwenye kipaza sauti cha kibandani, kama mita mia mbili nyuma yangu. Nilikuwa nangojea chuo kinipigie kwa mahojiano ya kazi, hii niliyonayo sasa. Niliita, “Tevin, kaa hapo, nipe dakika tano.” Akajibu, “Nenda, lakini ukipata kazi utaninunulia viatu.” Alikuwa kwenye ukingo mpana kidogo, anaweza kusimama bila kamba kumbeba. Nilifungua kamba kiunoni. Kuifunga kamba kwenye nanga kwa fundo sahihi kungechukua muda, na simu ilikuwa bado inalia. Chuma cha zamani kilikuwa pale karibu na mkono. Nikaizungusha kamba hapo mara tatu nikakimbia.

Nilijua alichosema Kornelia. Tevin alikuwa amenisimulia kwenye chakula, na nilicheka.

Nilikaa kwenye simu dakika ishirini na tatu. Namba hiyo naijua kwa sababu simu huandika. Mahojiano yalienda vizuri. Nilitoka nikitabasamu, Généreuse. Nikaona turi wote wameruka, anga imejaa, na pale penye chuma pana tundu.

Sijui alijaribu kupanda mwenyewe au jiwe lilimtelezesha. Sijui kama aliniita. Ndege wale wakipiga kelele kwa maelfu, ukiwa kibandani husikii mtu aliye jabalini. Nimejiambia hakuniita. Ni jambo ninalojiambia.

Nilichukua chombo changu cha kushikia kamba nikakitupa baharini, isijulikane kwamba nilikuwa juu. Halafu nikapiga simu kuomba msaada nikasema nilikuwa kaskazini nahesabu.

Naweka humu barua ya Claris ya tarehe nne. Aliniambia niichome. Ninajua ninachomfanyia. Lakini umeishi miaka miwili ukiamini maneno yako yalimsukuma mtu, na tulikuwa wawili tuliojua kwamba sivyo, tukapanga ukumbi na keki.

Jana nimetuma maelezo haya kwa kituo cha utafiti na kwa chuo, na jina langu chini. Kitabu hakitatoka. Siombi unisamehe. Kama siku moja utataka kunitukana, namba yangu bado ni ile.

Derrick Kiplagat


Shively
14 Julai 2024

Claris,

Nilisoma barua yako kwa Derrick, ile ulitaka ichomwe. “Ilikuwa rahisi sana.” Mi sikujua unaandikaka vizuri vile.

Derrick nilimupigia. Nilitaka kumutukana. Nikamuuliza kitu moja: ile dakika makumi mbili na tatu, walimuuliza maswali gani? Akaniambia. Walimuuliza kama anaweza kufanya kazi na wengine. Nikakata.

Yeye alikuwa muoga. Mutu muoga namujua, niliona wengi, hata baba yangu siku moja alitukimbia ku njia akarudia kisha. Mutu muoga anaweza kurudia. Lakini wewe haukuwa na woga wa kitu. Hakuna mutu alikuwa anakufukuza ku inchi. Ulifungua lile cahier, ukasoma mwandiko ya kaka yako, ukajua sikumuua, kisha ukanishika mukono ku mazishi. Niko nakumbuka ile mukono. Ulikuwa na gants, glovu nyeusi.

Mwaka mbili sikula vizuri. Mwaka mbili sikuimba. Mutoto wangu alikuwa analala na wazo ya kwamba baba alimuchoka.

Sitaki sorry yako. Niko na kazi moja ya kukupa. Mama yenu hanisemeshi tangu ile siku. Nilipomutumia picha ya Grâce, alirudisha neno “sijui huyu ni nani.” Mi sijui Kikamba, na hata ningejua hangeniamini. Utamuandikia wewe. Na mukono yako, na Kikamba yenu: kwamba Tevin hakujiua, kwamba Derrick aliacha kamba, kwamba wewe ulijua. Ile ya mwisho usiipunguze. Kisha unitumie nakala, nitatafuta mutu wa Ukambani hapa Louisville anisomee. Na cahier ya ine, unitumie leo, si kesho.

Haraka, Claris. Umesema moyo yake ni mugonjwa.

Généreuse


Hilliard
8 Septemba 2024

Généreuse,

Daftari la nne limo humu ndani ya bahasha. Nakala ya barua kwa mama haimo.

Barua yako ilinifika tarehe kumi na nane Julai. Niliisoma kwenye gari nje ya wodi ninakofanya kazi, nikaiweka kwenye mkoba. Nikasema nitaandika Jumapili. Jumapili nikakaa mezani, nikaandika “Mwaitu,” ndivyo tunavyomwita mama kwetu, na nikaangalia neno hilo mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nafuta watu wa harusi, mmoja mmoja, wananiuliza kwa nini na mimi nasema Derrick amepata matatizo ya kazi. Kila siku nilikuwa na sababu. Daktari alisema asishtuliwe. Dada wa kanisa alisema ningoje apate nafuu. Zote zilikuwa sababu nzuri.

Mama alifariki Jumanne, tarehe sita Agosti. Barua yako ilikuwa imekaa kwenye mkoba siku kumi na tisa.

Nilisafiri. Siku ya maziko nilipewa maikrofoni nisome wasifu wake. Nilifika kwenye majina ya watoto. Nikasoma, “Tevin, aliyetangulia,” na watu wakaguna ule mguno, na bibi mmoja wa mbele akatikisa kichwa akasema kwa sauti, “Yule aliyeuawa na mke.” Nilikuwa na maikrofoni mkononi, Généreuse. Watu mia tatu. Nikaendelea kwenye mstari uliofuata.

Jioni, watu walipotawanyika, nilimwambia mjomba Silvano, ndugu wa mama, yote. Pale pale uani, sufuria zikioshwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, “Mama yako alijua?”

Nikasema, “Hapana.”

“Alikufa anamlaani yule msichana?”

Nikasema, “Ndiyo.”

Akasimama, akachukua kofia yake, akaondoka kwa miguu, na gari lake akaliacha. Hajanisemesha. Nasikia amewaambia wengine, kwa hiyo nyumbani sasa wanajua, ila yule mmoja uliyetaka ajue.

Derrick walimwachisha kazi Julai. Amerudi Kapsabet kwa kaka yake. Hatuongei. Ile ripoti nasikia wanaiandika upya.

Sina la kuomba. Ningependa kumwona Grâce, lakini najua.

Claris


Shively
6 Oktoba 2024

Claris,

Cahier ilifika. Ripoti mupya pia ilifika wiki jana, kurasa mbili, mistari tatu tu njo inamuhusu Tevin: alikuwa ku zamu yake, alifuata kanuni, kosa haikuwa yake. Nilisomea baba yangu. Alilia, akataka kunipeleka mbele ya kanisa nitoe ushuhuda. Nilikataa. Pasteur aliomba juu yangu mbele ya watu, atafute mwenyewe namna ya kuirudisha mbele ya watu.

Nilisomea Grâce pia, na Kiswahili. Aliuliza, “Kwa hiyo hakutuchoka?” Nikamuambia hakutuchoka. Akauliza nani alisema alituchoka. Nilimuambia atajua akikuwa. Akaenda kucheza.

Juu ya mama yako, nikuambie ya kweli. Nilimuchukia, na sasa naona alidanganywa kama mi, na alikuwa mutu muzee mwenye kupoteza mutoto. Ningeweza kumupikia. Ulituchukulia hata ile.

Unasema ungependa kumuona Grâce. Bon. Nimepanga barua zote kwa tarehe, zako, za Derrick, na zangu nilizopiga picha mbele ya kutuma, na hata ile ya kuchomwa. Ziko ndani ya plastiki, ku kisanduku na vyeti zake. Sitamufundisha kukuchukia, juu sitataka jina yako itajwe ku nyumba yangu. Akifika miaka kumi na nane nitamupa asome zote peke yake, mi nitatoka inje. Usiniandikie tena mupaka pale.

Yeye njo ataamua kama iko na shangazi.

Mama Grâce